Picha za miamba ya pwani wakati wa utusitusi: kasoro, chanzo na dawa yake

Picha ya mwamba wa pwani iliyopigwa jua likiwa limeshazama huharibika kwa namna nyingi, na nyingi kati ya hizo hufanana ukizitazama kwenye skrini ndogo ya kamera. Mtu husema "imetoka na ukungu", anabadilisha lenzi, kumbe kosa lilikuwa mchanga chini ya tripodi. Kwa hiyo kabla ya kugusa mpangilio wowote, ikuze picha hadi asilimia 100 na uikague mahali panne: jiwe lililo karibu kabisa, mwamba wa mbali, anga, na kitu chochote kinachong'aa kama nukta, iwe taa ya chombo baharini au nyota ya kwanza. Ukijua palipoharibika na palipopona, kutafuta chanzo kunakuwa kazi fupi.

Jambo jingine la kulijua mapema ni kasi ya giza. Jua linapozama, mwanga ardhini huwa kama lux 400 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Linapofika nyuzi 6 chini ya upeo, mwanga umebaki lux 3 na kitu, yaani umepungua kwa nusu karibu mara saba. Karibu na ikweta, ambako jua hushuka wima, hayo yote hutokea ndani ya dakika 22 hivi, kwa hiyo nusu ya mwanga hupotea kila baada ya dakika tatu. Kwenye latitudo ya 60, siku zile ambazo usiku na mchana vinalingana, huchukua dakika 40 na ushei. Kasoro kadhaa utakazozikuta hapa chini zinatokana na kamera iliyopangwa vizuri kabisa, ila kwa mwanga wa dakika kumi zilizopita.

Kila kitu kina ukingo maradufu

Jiwe la karibu limeharibika, mwamba wa mbali nao vilevile, na ukitazama vizuri uharibifu una mwelekeo. Hapo kamera ilisogea. Ilisogeaje, utaambiwa na ile nukta ya mwanga.

Nukta ikiwa na mkia mfupi wenye umbo la ndoana halafu ikatulia mahali pamoja, mtikisiko ulitokea mwanzoni: kidole kilibonyeza, au kioo cha ndani ya kamera kiliinuka kwa kishindo. Tumia rimoti au taima. Taima ya sekunde 2 inatosha kwa lenzi pana, lakini lenzi ndefu juu ya tripodi nyembamba hutikisika kwa muda mrefu kuliko hapo. Ipe sekunde 10. Nukta ikiwa imevurugika pande zote bila mpango, ni upepo. Vua mkanda wa kamera, maana unapepea na kuitikisa. Teremsha nguzo ya katikati ya tripodi hadi chini kabisa. Ukining'iniza begi ili kuongeza uzito, hakikisha linagusa ardhi, kwa sababu begi linalobembea ni baya kuliko kutokuwa na begi. Na kama lenzi yako ina kizuia mtikisiko, kizime kamera ikiwa juu ya tripodi. Vingine, hasa vya zamani, huanza kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuzalisha vyenyewe.

Nukta ikichora mstari ulionyooka kwenda upande mmoja, mguu mmoja wa tripodi ulikuwa unazama. Hili ndilo linalosumbua watu wengi ufukweni, na wengi hawalishuku kwa sababu mchanga uliolowa huonekana mgumu ukiukanyaga. Kaa uangalie mguu wa tripodi wimbi linaporudi baharini. Maji yanagawanyika mbele ya mguu, yanaungana nyuma yake, na pale yanapoungana yanachimba kishimo. Mchanga wa pembeni unaporomokea humo, na mguu unashuka milimita chache, mara nyingine huku shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, ikiwa wazi. Wimbi linalofuata linaongeza kidogo. Tripodi uliyoisawazisha vizuri inainama bila wewe kuona.

Dawa ya kwanza ni kuiweka juu ya mwamba mtupu ikiwezekana. Isipowezekana, chomeka miguu kwa nguvu kabla ya kupanga picha, yaache mawimbi mawili matatu yapite, ikandamize tripodi tena kwa mikono miwili, kisha ndipo upange. Halafu ufungue shata mara tu wimbi likishapita na uifunge kabla la pili halijafika. Mawimbi yanayotoka bahari kuu hupishana kwa sekunde 8 hadi 15 hivi, kwa hiyo ukiwa ndani ya maji juu ya mchanga, usitegemee kupata picha safi ya sekunde 30. Haipatikani. Rudi nyuma pakavu au kubali muda mfupi.

Nyota zilizogeuka vistari si kosa la tripodi. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35), nyota huanza kuonekana zimevutika shata ikipita sekunde 20 hivi. Kama mwamba uko safi na nyota tu ndizo zimevutika, ni dunia ndiyo iliyozunguka, na tripodi yako haina neno.

Karibu pazuri, mbali pamelegea, au kinyume chake

Hapa hakuna kilichotikisika. Fokasi ilikaa mahali pasipofaa. Fokasi ya otomatiki inahitaji tofauti ya mwanga na kivuli ili ishike, na jiwe jeusi katika utusitusi halina tofauti hiyo. Utasikia lenzi ikienda mbele na nyuma, kisha itashika chochote, mara nyingi ukingo wa mwamba dhidi ya anga au povu.

Fokasi ungali unaona. Kabla jua halijazama, chagua umbali, hamisha lenzi kwenye fokasi ya mkono, na usiiguse tena. Kipande cha utepe wa gundi juu ya pete kinasaidia kuliko nia njema. Kumbuka kwamba lenzi nyingi za kuvuta hubadilisha fokasi ukizivuta, kwa hiyo ukibadili upana wa picha, rudia. Giza likishakukuta, mulika tochi kwenye jiwe lenyewe, kuza picha kwenye skrini, zungusha pete taratibu mpaka mikwaruzo na chembe za jiwe zionekane, kisha zima tochi.

Ni wapi pa kufokasi? Lenzi ya milimita 24 kwa f/11 (kipimo cha tundu la lenzi; namba ikikua, tundu linakuwa dogo), ukiifokasi kwenye mita 1.8, hukupa ukali unaokubalika, kuanzia kama sentimita 90 mbele yako hadi upeo wa macho. Kwa milimita 16 na f/11 hiyohiyo, mita 0.8 zinatosha. Hesabu hizi ni za picha ya ukubwa wa kawaida. Ukitaka kuichapisha kubwa ukutani, sogeza fokasi mbele kidogo upendelee mwamba wa mbali.

Kishawishi cha kufunga tundu la lenzi hadi f/22 "ili kila kitu kishike" kiepuke. Kwa f/22 kila nukta ya mwanga hutawanyika hadi upana wa mikroni 30 hivi kwenye sensa ambayo pikseli zake zina mikroni 4 hadi 6. Picha nzima inalegea kwa usawa, bila mwelekeo, na hakuna programu itakayoirudisha kikamilifu. Kama f/11 haitoshi kwa sababu umebandika lenzi karibu kabisa na jiwe, piga picha mbili, moja yenye fokasi ya karibu na nyingine ya mbali, uziunganishe baadaye. Mshono upitishe juu ya jiwe. Ukiupitisha majini utaonekana, kwa kuwa mawimbi hayawi sawa mara mbili.

Ukungu mweupe, na taa zimezungukwa na duara

Mwelekeo hakuna, fokasi iko sawa, lakini weusi umekuwa kijivu na kila taa ina duara la mwanga. Kitu kiko juu ya kioo cha lenzi. Zima taa zote, kisha mulika kioo kwa tochi kutoka ubavuni. Matone ya rasharasha za bahari yataonekana kama nukta zenye ukingo; umande utaonekana kama utando mmoja laini.

Rasharasha usizifute zikiwa kavu. Chumvi iliyokauka ni chembe ngumu, na kitambaa kinaziburuta juu ya kioo. Lowesha kitambaa cha nyuzi laini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, gusa na uinue, kisha kausha kwa kitambaa cha pili. Kila mara pulizo la maji likikufikia, futa; usingoje kuona kasoro. Wapo wanaoacha filta safi ya kinga mbele ya lenzi kwa ajili hii, nami naona ni busara upepo ukitoka baharini, lakini taa zikiwa ndani ya picha ivue, maana huongeza vivuli vya mwanga.

Umande una chanzo tofauti: kamera ilitoka mahali penye kiyoyozi ikaingia kwenye hewa yenye unyevu. Kuufuta hakusaidii, utarudi. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje. Nusu saa kwa kawaida inatosha, ndiyo maana ni vizuri kufika mapema.

Anga nzuri, mwamba kaniki

Hili ndilo lalamiko kubwa, na mara nyingi si kosa la kamera hata kidogo. Umesimama ukitazama upande wa machweo, mwamba uko katikati yako na anga, na uso wa mwamba unaouona ndio ule usiopata mwanga. Jaribu kwanza jambo lisilogharimu chochote: geuka. Upande wa pili, mwanga laini wa anga ya magharibi unaangukia uso wa miamba moja kwa moja, na nyuma yake, juu tu ya upeo, unapanda utando wa bluu iliyokolea wenye mshipi wa waridi juu yake. Utando huo ni kivuli cha dunia yenyewe. Hudumu dakika chache na wapigapicha wengi huukosa kwa sababu wameupa mgongo.

Kama picha unayoitaka ni ya upande wa machweo, basi ngoja. Dakika tano baada ya jua kuzama, anga karibu na upeo bado inaishinda ardhi kwa mbali sana. Baada ya dakika 15 au 20 tofauti imepungua, na mwamba uliolowa unaanza kuakisi bluu ya juu. Neno "uliolowa" lina uzito hapa: jiwe kavu linameza mwanga, jiwe lenye maji linaurudisha. Maji yanapokupwa huacha mawe yaking'aa, ilhali yanapojaa yanakuta mawe yamekauka mchana kutwa.

Kwenye kamera yenyewe, ongeza mwangaza mpaka anga ikaribie kuungua, ila isiungue. Usihukumu kwa macho. Gizani skrini huonekana angavu kuliko ilivyo picha, na ukifika nyumbani unakuta faili jeusi. Punguza mwanga wa skrini, tegemea histogramu, yaani grafu ya mwangaza wa picha, na hasa ile inayotenganisha rangi tatu: katika anga ya chungwa, nyekundu huungua kwanza ilhali histogramu ya jumla bado inakuambia kila kitu kiko sawa. Kama hata hivyo mwamba umebaki mweusi, piga picha ya pili kwa muda mrefu mara nne au mara nane kwa ajili ya mwamba pekee, kisha uziunganishe. Maji yachukue kutoka picha moja tu.

Ukishaunganisha, tazama ukingo wa mwamba. Mstari mweupe unaouzunguka unatoka kwenye programu, ambako umeinua vivuli na ukali wa kati kupita kiasi, au mshono umeufanya mpana na laini kuliko ukingo halisi wa jiwe. Punguza.

Mwamba umekatwa: chini unaonekana, juu giza

Filta iliyogawanyika, nusu nyeusi nusu safi. Ilitengenezwa kwa upeo ulionyooka, na nguzo ya mwamba inayosimama baharini inapita juu ya upeo, kwa hiyo nusu yake ya juu inaingia kwenye giza la filta pamoja na anga. Filta yenye mpaka laini hupunguza tatizo bila kuliondoa. Kwa magenge na nguzo ndefu, naona heri kuiacha begini na kupiga picha mbili.

Bluu imepotea

Anga ya utusitusi ni bluu hasa kwa sababu ozoni iliyo juu hunyonya chungwa na manjano katika mwanga unaosafiri njia ndefu angani. Kamera ikiwa kwenye mizani ya weupe ya otomatiki, ile inayoandikwa AWB, huiona bluu hiyo kama kasoro na kuisahihisha. Unabaki na kijivu. Weka alama ya jua, au Kelvin 4000 hadi 5200, na upige faili la RAW, yaani faili ghafi lisilosindikwa na kamera, ili uweze kubadili mawazo.

Rangi ya hudhurungi au wekundu uliotanda picha nzima ni jambo jingine. Ukikuta filta nyeusi ya kurefusha muda iko mbele ya lenzi, shuku hiyo: za bei ya chini hupitisha mwanga wa infraredi. Katika utusitusi wa kina huihitaji hata kidogo. Ivue. Mistari au mawingu ya zambarau yanayotokea kwenye kamera yenye kioo huwa ni mwanga unaoingia kwa nyuma, kupitia tundu la kuchungulia, na mara nyingi chanzo ni taa yako ya kichwani. Funika tundu.

Chenga, na nukta za rangi mahali pamoja

Chenga, yaani punjepunje kwenye vivuli, zinaletwa na mwanga mchache kuliko zinavyoletwa na ISO kubwa (kiwango ambacho kamera hukuza mwanga iliopokea). Faili jeusi la ISO 100 ulilolinyanyua kwenye programu litakuwa na chenga kama za ISO 800, pengine kuzidi. Pata mwangaza kwenye kamera.

Nukta nyekundu, bluu au nyeupe zinazorudi mahali palepale katika kila picha ni pikseli zilizopata moto. Kamera ina njia ya kuziondoa: baada ya picha ndefu hupiga nyingine ya muda uleule shata ikiwa imefungwa, kisha huitoa ile giza kwenye picha yako. Hapo ndipo watu husema kamera "imekwama". Haijakwama, inafanya kazi. Lakini piga hesabu. Picha ya dakika 4 inakula dakika 8, na ukiwa na dakika 22 tu unapata picha mbili, labda ya tatu kwa bahati. Zima kazi hiyo, na nukta uzifute baadaye.

Picha ndefu ina mtego mwingine. Umepima mwanga, ukapata dakika 4, picha ikatoka nyeusi. Mwanga ulikuwa unapungua shata ikiwa wazi. Mahali ambapo unapungua nusu kila dakika tatu, dakika hizo 4 zilikusanya kama theluthi mbili tu ya ulichotarajia. Ongeza hadi dakika 7 au 8, au panua tundu la lenzi hatua moja, yaani liingize mwanga mara mbili. Alfajiri ni kinyume: mwanga unaongezeka, basi punguza.

Mwamba unaelea hewani

Shata ya sekunde 30 au zaidi kwenye maji yanayopiga mwamba hugeuza povu kuwa moshi, na mahali jiwe linapokutana na bahari panapotea. Wengine wanapenda hivyo. Kama hupendi, shuka hadi nusu sekunde au sekunde 2, ubonyeze wimbi likianza kurudi, siyo linapopiga. Povu linalorudi huchora mistari kuelekea kwenye mwamba na kuonyesha umbo la ardhi.

Ukimulika miamba kwa flashi na kukuta miduara myeupe hewani, ni rasharasha zilizo karibu na lenzi. Tumia tochi, usimame ubavuni mwa mwamba mbali na kamera. Mwanga wa kutoka kamera hulaza jiwe likawa bapa. Wa ubavuni huamsha kila ufa.

Picha za simu: maji yana mabaka

Hali ya usiku ya simu huunganisha picha nyingi, na maji yanayosogea hayaunganiki. Iweke simu kwenye tripodi, tumia lenzi kuu badala ya ile pana zaidi, na kama kuna programu yenye mpangilio wa mkono, chagua picha moja ya sekunde 1 au 2.

Mahali ulipopachagua pamemezwa na maji

Mchana ulipanga picha ya tao na madimbwi mbele yake, ukarudi jioni ukakuta bahari. Kwenye pwani nyingi, kutoka kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika 12 hivi, lakini maji hayaendi kwa kasi moja: nusu ya kimo chote husogea katika saa mbili za katikati. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, kimo ni kikubwa na maji huingia haraka. Maji mafu yana utulivu zaidi. Saa za maji husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo picha iliyowezekana leo bado inawezekana kesho, ila siyo wiki ijayo. Na kwa kuwa kila pwani ina saa zake za bamvua, ambazo hazibadiliki sana mwaka mzima, kuna sehemu ambazo kupwa kukubwa hakukutani kabisa na machweo. Huko nenda alfajiri, au panga picha yenye maji ndani.

Maji yakiwa yanajaa, jua njia ya kurudi kabla hujafungua begi, na uipite mara moja kukiwa na mwanga. Mwani wa kijani juu ya jiwe hauonekani gizani na unateleza vibaya. Usiipe bahari mgongo unapotazama skrini. Likitokea wimbi lililofika juu kuliko yote yaliyotangulia, hamisha vitu papo hapo, kwa sababu litakuja jingine.

Wiki moja baadaye, miguu ya tripodi haifunguki

Chumvi na mchanga vimeingia kwenye vifungio. Usilazimishe, utakwaruza nyuzi za skrubu. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi, zungusha taratibu, fungua vipande vyote, suuza, kausha kivulini, kisha paka grisi kidogo aina inayopendekezwa na mtengenezaji. Ukiwa majini, anza kurefusha vipande vya chini vilivyo vyembamba, kinyume na ushauri wa nchi kavu, ili vifungio vibaki juu ya maji. Kamera yenyewe ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji safi na kukamuliwa, hasa kuzunguka vitufe na mlango wa betri, usiku uleule.